Garimoshi Lisilofika: Msamiati wa Reli katika Ngara na Biharamulo

Ni jambo linalofahamika kwamba kitu kigeni kiingiapo katika jamii huja na jina lake, au hupewa jina na wenyeji wakisha kukiona. Historia ya reli katika wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera, yatuonyesha kinyume cha hayo: jina lilifika, na kitu chenyewe hakikufika. Wilaya hizo hazijapata kuwa na stesheni wala karakana ya reli, na hakuna injini ya mvuke iliyopata kupiga king'ora katika vilima vyake. Hata hivyo, neno garimoshi lajulikana huko kama lijulikanavyo Tabora na Morogoro. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, na kuuliza tufanye nini na msamiati wa enzi ya mvuke, maadamu enzi yenyewe imekwisha kupita.

Si kwamba reli haikukusudiwa. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka huohuo wa 1914 walianza njia nyingine, kutoka Tabora kuelekea kaskazini-magharibi hadi pindo la Mto Kagera, ili kuifikia Rwanda. Vita Kuu vilipozuka mwezi Agosti kazi ilikatika ikiwa bado changa. Waingereza walipoishika Tanganyika hawakuufuata mpango huo. Kutoka Tabora waliielekeza reli Mwanza, nayo ikafika huko mwaka 1928. Ngara na Biharamulo zikabaki kando.

Hata reli ambayo haikujengwa iliweza kugusa mipaka. Mwaka 1919 Uingereza na Ubelgiji zilipogawana nchi zilizokuwa za Wajerumani, Uingereza ilidai Gisaka, nchi iliyo ng'ambo ya Mto Kagera, ili ipate mahali pa kupitisha reli ya kuunganisha kusini na kaskazini mwa Afrika. Mwami Musinga wa Rwanda alilalamika, na wamisionari wakamuunga mkono. Shauri likafika mbele ya Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1924 Gisaka ikarudishwa Rwanda. Mto Kagera ukawa mpaka tena, na reli ile haikutandikwa.

Je, neno lilipita njia gani? Njia ya kwanza ilikuwa ziwa. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na shirika la reli likawa pia mwenye vyombo vya mvuke katika Ziwa Viktoria. Nyamirembe, bandari ambayo zamani ilikuwa ya Wilaya ya Biharamulo na sasa iko Chato, Mkoa wa Geita, ilikuwa mlango wa kwendea huko. Njia ya pili ilikuwa watu: vibarua walioandikwa kwenda mashamba ya mkonge, yaani manamba, walipanda garimoshi kwenda na kurudi, wakarudi na habari zake. Njia ya tatu ilikuwa shule na vitabu vyake.

Neno halikuishia mpakani. Rwanda, nchi isiyokuwa na reli, husema gari ya moshi kwa Kinyarwanda. Waganda hawakulichukua neno zima bali maana yake, wakasema eggaali y'omukka, yaani gari la moshi. Ushahidi huu watosha kuonyesha kwamba Kiswahili kilikuwa njia kuu ya kupitishia istilahi hata pale reli ilipokoma.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Mwanafundi atasema kwamba moshi hausukumi kitu: moto hupasha maji katika tangi la injini, maji hugeuka mvuke, na mvuke ndio usukumao pistoni na kuzungusha magurudumu. Moshi ni taka ya moto tu. Aliyeunda neno hili, basi, alitaja alichokiona akiwa amesimama kando ya njia. Kwa kipimo cha istilahi sanifu hiyo ni kasoro. Lakini jina lenye kasoro hiyo lilieleweka na watu ambao hawajaiona mashine, jambo ambalo jina la kifundi huenda lisingeliweza.

Maneno mengine ya reli yana historia kama hiyo. Taruma, mbao au chuma kishikiliacho reli, ni neno lililotumika pia kwa mbao za kuimarisha ubavu wa chombo cha baharini. Karakana ni neno la Kiajemi lililotufikia kwa njia ya Wahindi. Stima ilikuwa meli ya mvuke, na leo nchini Kenya ni umeme. Kiberenge, gari dogo la kukagulia njia, bado hutumika.

Mashine zenyewe zimekuwa vitu vya makumbusho. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la reli nalo lilivunjika, na injini za dizeli zilikuwa zikichukua mahali pa zile za mvuke. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, zimehifadhiwa injini mbili kubwa zenye majina ya milima ya Tanzania, Gelai na Shengena. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Hazina moshi wala mvuke, na wananchi wamekwisha kuziita mwendokasi na mchongoko.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, treni iwe istilahi ya jumla, na garimoshi lihifadhiwe kwa ile ya mvuke, ili kamusi iseme kweli. Pili, msamiati wa yadi na karakana ukusanywe kwa wastaafu wa reli wa Tabora, Mwanza na Kigoma wangali hai, kwa kuwa chuma huweza kuwekwa katika makumbusho, lakini maneno yasiyoandikwa huzikwa pamoja na wasemaji wake. Tatu, istilahi za reli ya umeme zitayarishwe mapema. Mwaka 2018 Tanzania na Rwanda zilikubaliana kujenga reli ya Isaka hadi Kigali, na katika mipango iliyochunguzwa Keza, wilayani Ngara, imetajwa kuwa mahali pa kugawanyika njia, moja kwenda Kigali na nyingine Gitega na Musongati. Mizigo ya nchi hizo hupita kwa malori Nyakanazi na Lusahunga. Siku reli itakapofika huko, fundi na kibarua watahitaji maneno ya kazi yao, na ni vema wayakute yamekwisha kusanifiwa.