La Récidive (kitabu cha Lucien Bianco)

La Récidive, yaani “kurudia kosa”, ni kitabu cha mwanahistoria Mfaransa Lucien Bianco kinacholinganisha mapinduzi ya kikomunisti ya Urusi na ya China. Kilichapishwa na Gallimard mwaka 2014, na tafsiri yake ya Kiingereza, Stalin and Mao, ilitoka Hong Kong mwaka 2018. Dai lake ni kwamba utawala wa Mao ulifuata nyayo za Stalin kwa karibu kuliko wengi walivyotaka kukiri, na kwamba yale yanayosifiwa kuwa ya Kichina hasa yalikuja baadaye, tena machache.

Bianco alizaliwa mwaka 1930 huko Ugine, mkoani Savoie, akasoma École normale supérieure ya Paris. Jina lake lilivuma mwaka 1967 kwa kitabu kuhusu chimbuko la mapinduzi ya China, ambamo alieleza jinsi ufukara wa vijijini na udhaifu wa serikali ya Kuomintang ulivyowafungulia njia wakomunisti. Baadaye alichunguza kwa miaka mingi uasi wa wakulima wenyewe, akaona kwamba mara nyingi waliinuka dhidi ya watoza kodi, si dhidi ya makabaila. Uadui wa kitabaka walifundishwa na chama. Kwa hiyo aliyeandika La Récidive hakuwa adui wa tangu zamani wa mapinduzi hayo. Alikuwa mtu aliyewahi kuyaelewa, kisha akakaa na ushahidi muda mrefu. Kuhusu Urusi anategemea zaidi utafiti wa wengine, kwani taaluma yake ni China.

Kitabu kinaanza na hali ya nchi mbili zilizoachwa nyuma na Ulaya ya viwanda, China ikiwa nyuma zaidi. Njia za kufika madarakani zilitofautiana mno. Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, waliuteka mji mkuu kwa siku chache mwaka 1917, ndipo wakapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe. Chama cha Kikomunisti cha China kiliundwa Shanghai mwaka 1921 kwa msaada wa Komintern, jumuiya ya kimataifa ya vyama vya kikomunisti, kikachinjwa mijini mwaka 1927, kikakimbilia milimani, kikapitia Matembezi Marefu ya 1934–35, na kilitwaa nchi mwaka 1949 kikiwa na jeshi la wakulima. Msomaji angetarajia dola mbili tofauti. Bianco anajibu kwamba chama kilikuwa cha muundo wa Lenin, na mpango wa kujenga nchi ulikuwa wa Stalin. Mpango wa kwanza wa miaka mitano wa China, 1953–57, uliandaliwa kwa mitambo na wataalamu wa Kisovieti: viwanda vizito mbele, gharama ikilipwa na mkulima.

Sura za wakulima na njaa ndizo uti wa mgongo wa kitabu, na hapo ndipo mwandishi alipo mwenyeji. Mwishoni mwa 1929 Stalin alianza kuwalazimisha wakulima kuingia katika kolkhozi, yaani mashamba ya pamoja. Wenye ng'ombe wawili watatu waliitwa makulaki, yaani wakulima matajiri, wakanyang'anywa mali, wakapelekwa Siberia na kwingineko. Wengi walichinja mifugo yao kabla haijachukuliwa. Ikafuata njaa ya 1932–33, iliyoua watu wapatao milioni 5 hadi 7, sehemu kubwa Ukraine. Kwa uwiano wa idadi yao, Wakazaki ndio walioangamia zaidi. Desemba 1932 zikaletwa pasipoti za ndani, ambazo wanavijiji hawakupewa, na mwezi uliofuata wakulima wa Ukraine na Kuban wakakatazwa kutoka kwenda kutafuta chakula.

Viongozi wa China walikuwa na mfano huo mbele yao. Mwanzoni walikwenda kwa hatua: kugawa ardhi ya makabaila, kisha vyama vya ushirika. Mao akachoka kungoja. Mwaka 1958, katika kampeni ya Hatua Kubwa Mbele, vijiji viliunganishwa kuwa komyuni za maelfu ya kaya zenye majiko ya pamoja, na watu wakaondolewa mashambani kwenda kuyeyusha chuma katika matanuri ya kienyeji. Makada walishindana kutangaza mavuno ambayo hayakuwapo, na serikali ikadai sehemu yake kwa hesabu ya mavuno hayo ya karatasini. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana sana, lakini mengi yako kati ya milioni 20 na 40. Kama Urusi, China nayo iliendelea kuuza nafaka nje. Na kama pasipoti za Stalin, mfumo wa hukou wa kuandikisha makazi, uliopewa nguvu ya sheria mwaka huohuo wa 1958, ulimfunga mkulima kijijini.

Njaa hizi mbili hazikuwa na kisa kimoja. Stalin aliwaona wakulima kuwa maadui, na Waukraine alikuwa na sababu ya ziada ya kuwashuku. Mao aliponzwa na kiburi na haraka. Hata hivyo utetezi wa kutojua unakoma kwenye mkutano wa chama huko Lushan, katikati ya 1959, ambako Marshali Peng Dehuai, waziri wa ulinzi, alimwandikia Mao barua akimweleza hali ilivyo. Peng aliondolewa wizarani, na kampeni ikakazwa upya.

Kuhusu urasimu, utamaduni na kambi za kazi ngumu kitabu kinakwenda kwa mwendo uleule, na ukurasa baada ya ukurasa wa ufanano huanza kumchosha msomaji. Uhai unarudi kwenye sura ya madikteta wenyewe. Stalin aliwamaliza wenzake wa zamani kwa mahakama za maonyesho na polisi wa siri. Kumbukumbu za polisi hao zinaonyesha takribani watu 680,000 waliouawa mwaka 1937 na 1938. Mao alipendelea kudhalilisha na kulazimisha watu wajikosoe. Mwaka 1966, katika Mapinduzi ya Kitamaduni, alifanya jambo ambalo Stalin asingelithubutu: aliwaachia vijana wa shule na vyuo wakivamie chama chake mwenyewe. Liu Shaoqi, mkuu wa nchi, alikufa kizuizini mwaka 1969 bila matibabu; kiongozi mwenzake Deng Xiaoping alisalimika.

Wasomi wengine wameyatazama mapinduzi haya kwa jicho tofauti. Theda Skocpol, mwaka 1979, aliiongeza Ufaransa na kutazama kuvunjika kwa dola za kale. S. A. Smith, mwaka 2008, aliwafuata wanavijiji waliogeuka wafanyakazi huko St Petersburg na Shanghai. Walter Rodney, alipofundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyasoma mapinduzi ya Urusi kwa macho ya Ulimwengu wa Tatu, akitafuta somo la ukombozi mahali ambapo Bianco anaona onyo.

Swali gumu zaidi kwa Bianco ni lile la mwanahistoria Perry Anderson, aliyeandika mwaka 2010: ikiwa mapinduzi haya yanafanana hivyo, mbona moja liliporomoka mwaka 1991 na jingine likazaa dola kubwa ya uchumi? La Récidive hailijibu vya kutosha. Sehemu ya jibu iko kwa wakulima walewale. Kilimo cha pamoja nchini China kilidumu takribani miaka 25, na mashamba yaliporudishwa kwa kaya baada ya 1978, wazee walikuwa bado wanakumbuka kulima kwa hesabu ya nyumba yao. Urusi ilipofungua mlango huo, wanavijiji wake walikuwa wameishi kama vibarua wa kolkhozi kwa zaidi ya nusu karne, na wachache tu waliomba shamba.