Fedha Isiyo na Fedha: Sarafu za Naro Moru

Mtu akipitisha kifaa cha kutambua metali kando ya Mto Naro Moru, mlio wa kwanza huenda usiwe wa sarafu wala bangili. Utakuwa wa Mlima Kenya wenyewe. Jina la mji wa Naro Moru ni la Kimaasai, na husemwa kuwa linataja mawe meusi. Mawe hayo ni ya volkano, yana chuma ndani yake, na chuma hicho huweza kukiliza kifaa hata pasipo na kitu. Wahunzi wa Kikuyu waliijua siri hiyo zamani. Walichota mchanga mweusi mitoni, wakauosha mpaka ukabaki ule mzito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua simi na mikuki. Mhunzi, au muturi kwa Kikuyu, aliheshimiwa na kuogopwa. Laana yake haikuchezewa.

Anayekuja hapa kutafuta fedha ya kale basi ajue kwamba pwani na mlimani hawakuzika mali ya aina moja. Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Masonara wa pwani waliyeyusha riali za Maria Theresa wakafua bangili na vipuli. Huku mlimani pambo lilikuwa chuma, shaba na shanga. Misafara iliyopanda kutoka pwani katika karne ya 19 ilibeba masango ya waya, shanga na kitambaa cha merikani, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyonunua chakula na njia.

Fedha ilikuja Naro Moru pamoja na kodi na shamba la mlowezi. Mkataba wa 1911 uliwaondoa Wamaasai Laikipia, na kufikia 1913 walikuwa wamehamishiwa kusini na mifugo yao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpango wa 1919 uliwagawia askari wa Kizungu mashamba katika nyanda za juu. Mkikuyu aliyeishi kwenye shamba la mlowezi kama skwota alibanwa na sheria ya 1918: siku 180 za kazi kwa mwaka. Kodi ilidaiwa kwa pesa taslimu, na pesa ilipatikana kwa mshahara.

Kiswahili kina neno moja, fedha, kwa madini meupe na kwa pesa. Zama za rupia, maana hizo mbili zilikaa pamoja: rupia ya India, iliyotumika hapa mpaka baada ya vita, ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na sehemu 917 katika kila 1,000 zilikuwa fedha halisi. Bei ya fedha duniani ilipopanda, thamani ya rupia ikapanda nayo, na hesabu za serikali na walowezi zikavurugika. Mwaka 1920 rupia ikafungwa kwenye shilingi 2 za Uingereza, ikaletwa florini ambayo nusu yake tu ilikuwa fedha. Florini haikudumu. Tarehe 1 Januari 1922 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, robo fedha. Kuanzia sarafu za 1948 hata robo hiyo ikaondolewa, zikapigwa kwa shaba na nikeli. Jina likabaki fedha.

Iweke shilingi ya 1922 kiganjani. Upande mmoja yupo Mfalme George wa Tano na taji lake. Upande wa pili simba amesimama, milima ikiwa nyuma yake. Mwaka huo uliochongwa chini ya simba una habari yake. Mwaka 1921 walowezi walikuwa wamekubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Mwanaharakati Harry Thuku akasimama kupinga hilo, pamoja na kodi na kipande, yaani kitambulisho cha kazi. Akakamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye umati uliotaka aachiliwe ukapigwa risasi Nairobi.

Senti ndogo hazikuwa na sura ya mfalme. Zilikuwa na tundu katikati na pembe za ndovu pembeni, na asiye na mfuko alizitunga kwenye uzi. Senti 50 ziliitwa thumuni, neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane, lililopanda kutoka pwani na biashara likafika hadi mlimani.

Sarafu huanguka pale zinapohesabiwa. Reli ilifika Naro Moru mwaka 1927 na Nanyuki mwaka 1930. Kwa hiyo stesheni, maduka ya zamani na mahali wafanyakazi walipopangwa foleni ya mshahara ndipo zilipo nyingi. Kando yake hukaa vyuma vingine: misumari ya reli, na vijikopo vya kutilia kipande ambavyo wanaume walivivaa shingoni. Karibu na msitu kuna maganda ya risasi za miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952. Risasi nzima au bomu havishikwi; huitwa polisi. Na ndani ya hifadhi ya mlima hakuna kuchimba bila kibali.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 huita kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, mwaka Waingereza walipotangaza himaya yao. Kwa tarehe hiyo, shilingi ya 1922 si ya kale, na karibu historia yote ya pesa ya Naro Moru inabaki nje ya mlango.

Kwa hiyo anayeiokota akilima viazi ndiye mwenye kuitunza. Asiisugue ing'ae. Aandike ni shamba gani, kina gani, na kilichokuwa kando yake. Akiiuza kwa uzito, atalipwa gramu zisizotimia 2 za fedha. Aliyeiangusha aliihesabu kwa namna nyingine: kodi ya mwaka ilikuwa shilingi 12, na hii ilikuwa moja kati yake. Huenda aliitafuta mpaka giza likaingia.