Mamlaka au Kumilikiwa? Neno Moja la Paulo na Wasomaji Wake wa Kisauni

Mwanamke anayesimama katika kanisa la Shanzu kuisoma sura ya 11 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, akitumia Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, hukutana na neno zito katika aya ya 10. Hapo huambiwa kwamba kile kilichomo kichwani mwake ni dalili ya kumilikiwa. Makala haya yanakusudia kulichunguza neno hilo, kwanza kama suala la matini na kisha kama suala la historia. Hoja yetu ni kwamba kitenzi hicho hakimo katika maandishi ya Paulo, na kwamba bara hii ya kaskazini ya Mombasa ina sababu zake za pekee za kukitilia shaka.

Tuanze na matini. Neno la Kiyunani linalohusika ni *exousia*, yaani mamlaka, au haki ya kuamua na kutenda. Katika sura ya 9 ya waraka huo huo, Paulo analitumia mara kadhaa anapotetea haki zake mwenyewe kama mtume, na kila mara mwenye *exousia* ndiye mtenda. Aya ya 10 haina neno la Kiyunani lenye maana ya ‘dalili’, wala haimtaji mume kuwa mmiliki. Nyongeza ya ‘dalili’ ina nasaba yake: tafsiri ya Kiingereza iliyosahihishwa ya mwaka 1881 ilikuwa imekwisha kuliweka neno la maana hiyo mbele ya ‘mamlaka’. Tafsiri ya Muungano ilipiga hatua moja zaidi. Nomino iliyomfanya mwanamke kuwa mwenye mamlaka iligeuzwa kuwa kitenzi katika kauli ya kutendwa. Kwa kiambishi kimoja tu, mwenye kumiliki akawa mwenye kumilikiwa.

Itasemwa, na kwa haki, kwamba watafsiri hawakubuni maana hiyo. Aya ya 3 inamtaja mwanamume kuwa kichwa, na wafasiri wengi wa kale waliisoma aya ya 10 kwa mwanga huo. Hata hivyo, aya ya 5 inachukulia kuwa ni jambo la kawaida mwanamke kusali na kutoa unabii mbele ya kusanyiko, na aya za 11 na 12 zinasisitiza kwamba mwanamume na mwanamke hutegemeana. Matini yenyewe basi ina mvutano. Kazi ya mfasiri ni kuuhifadhi mvutano huo. Mahali hapa uliamuliwa kabla msomaji hajapewa nafasi ya kuuona.

Sasa tuitazame historia. Baada ya mkataba wa mwaka 1873 wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, jumuiya ya kimisionari ya CMS ilianzisha Freretown huko Kisauni, kati ya mwaka 1874 na 1875, ili kuwapokea watu waliookolewa utumwani. Nje ya makazi hayo utumwa uliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka 1907. Kwa watu hawa ‘kumilikiwa’ hakukuwa tamathali ya usemi. Lilikuwa jambo lililokuwa limewapata wao au mama zao.

Zaidi ya hayo, katika Mombasa ya karne ya 19 mtandio ulikuwa na maana iliyo kinyume kabisa na ile ya aya yetu. Utafiti wa Margaret Strobel kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, uliochapishwa mwaka 1979, unaeleza jinsi wanawake waungwana walivyotembea ndani ya shiraa, hema la nguo lililobebwa na watumwa. Kusitirika kulikuwa heshima ya muungwana, na mjakazi alinyimwa heshima hiyo. Baada ya utumwa kukomeshwa, wanawake wa asili ya utumwa nao walivaa buibui. Kwa hiyo, machoni pa watu wa pwani, kichwa kilichofunikwa kilitangaza kwamba mwanamke huyu hamilikiwi na mtu. Tafsiri iliyosema ‘mamlaka’ ingekuwa karibu na Paulo, na vilevile karibu na Kisauni. Ni kweli kwamba wengi wa waliookolewa walikuwa wamefariki ilipotoka Tafsiri ya Muungano. Waliorithi neno hilo ni wajukuu wao.

Tofauti kama hiyo inajitokeza katika vyeo. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwapa ushemasi William Jones na Ishmael Semler, wanaume wawili waliokombolewa utumwani na kulelewa India. Neno ‘shemasi’ ndilo linalotumika kutafsiri *diakonos* katika salamu za Waraka kwa Wafilipi. Lakini Fibi wa Kenkrea, ambaye katika Warumi 16 anaitwa kwa neno hilo hilo, katika Kiswahili ni ‘mhudumu’. Paulo naye huitwa mhudumu kwingineko, hivyo neno lenyewe si la kudharauliwa. Tatizo ni kwamba msikilizaji hawezi kutambua kuwa Fibi, Jones na Semler wana cheo cha jina moja.

Yafaa kukumbuka kwamba sarufi ya Kiswahili haina lawama hapa. Ngeli ya kwanza haibagui mume na mke: ‘mtume’, ‘nabii’ na ‘shemasi’ ni maneno yaliyo wazi kwa wote. Milango iliyofungwa ilifungwa na uteuzi wa maneno na mapokeo ya mahubiri.

Mwaka 1983 Askofu Henry Okullu alimpa Lucia Okuthe upadri katika dayosisi ya Maseno Kusini, na mwaka 2021 Kanisa la Anglikana la Kenya lilipata maaskofu wake wa kwanza wanawake, Emily Onyango na Rose Okeno. Mabadiliko hayo yametangulia matini inayosomwa madhabahuni. Kasisi mwanamke anaweza leo kusimama Kisauni, katika ardhi iliyotengwa kwa ajili ya watu walioacha kumilikiwa, na kutakiwa asome kwamba yeye anamilikiwa. Uhakiki wa fasihi hauwezi kuliamulia kanisa mafundisho yake. Unaweza, hata hivyo, kumwambia msomaji huyo kwamba neno lililo mbele yake ni la mfasiri, na kwamba Paulo alisema mamlaka.