Leaflet: Weka ramani kwenye tovuti yako bila kadi ya benki

Ukitengeneza tovuti ya duka, hoteli au nyumba za kupangisha, swali la kwanza la mteja ni moja: mko wapi? Wengi hukimbilia Google Maps. Shida ni kwamba tangu 2018 Google inamtaka developa afungue akaunti ya malipo, na ukizidi kiwango cha bure unalipia. Kwa kijana anayejifunza kodi na hana kadi, safari inaishia hapo.

Leaflet haina mambo hayo. Ni laibrari ya JavaScript ya kuonyesha ramani, ya bure na ya chanzo huria: kodi yake ipo wazi GitHub na unaruhusiwa kuitumia hata kibiashara. Iliandikwa na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine, ikatoka 2011. Ililenga simu tangu mwanzo, na uzito wake ni kama KB 42 tu. Picha moja ya WhatsApp inaweza kuizidi!

Ila Leaflet si ramani yenyewe, ni kama fremu. Picha ya ramani unaichukua kwingine, mara nyingi OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea. Dar es Salaam ilipata bahati: mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatoa wanafunzi na wakazi mitaani kuchora mitaro na njia kwa ajili ya kukabili mafuriko. Ndiyo maana uswahilini utaona hadi vichochoro.

Kuanza ni rahisi. Unganisha faili la CSS na la JavaScript, weka div yenye id "map", kisha andika:

L.map('map').setView([-6.82, 39.28], 13)

Hapo umefika Dar. Ongeza L.tileLayer yenye anwani ya picha za ramani, basi. Mambo mawili huwatesa wanaoanza. Usipoipa div urefu kwenye CSS, huoni kitu na utadhani laibrari ni mbovu. Na ukisahau alama ya kutoa kwenye 6.82, duka lako linahamia Ethiopia.

Seva za OpenStreetMap zinaendeshwa kwa michango, kwa hiyo lazima uwataje kwenye ramani, na watumiaji wakiwa wengi sana utafute mtoa huduma mwingine. Pia Leaflet peke yake haimpangii dereva njia wala haijui foleni. App ya bodaboda itahitaji kitu cha ziada.