Holašovice, kijiji kilichohamwa mara mbili

Kilomita 15 hivi magharibi ya jiji la České Budějovice, kusini mwa Jamhuri ya Cheki, kipo kijiji cha Holašovice, chenye wakazi wasiofika 200. Hakina ngome wala jumba la mfalme. Kina nyumba za wakulima tu, na hizo ndizo zilizokiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1998, miaka 2 kabla ya Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Nyumba zimekizunguka kiwanja kipana cha majani, chenye bwawa la samaki. Kila boma limeelekeza upande wake mwembamba kiwanjani: hapa nyumba ya kuishi, pale ghala la nafaka, na katikati ukuta wenye lango la tao la kupitishia mkokoteni. Ndani kuna ua na mazizi. Nyuma kabisa, banda kubwa la mavuno linafunga boma, kisha bustani na mashamba. Kuta za mbele zimepakwa manjano, kijani au waridi, na juu zinajipinda kama mabega ya mtungi. Ukikaribia unaona maua na mapambo yaliyofinyangwa kwa lipu, na mara nyingi mwaka wa ujenzi umeandikwa hapohapo. Wacheki huuita mtindo huu baroko ya wakulima. Mapambo yaliyoanzia kwenye makanisa na makasri, waashi wa vijijini waliyachukua wakayatia kwenye nyumba za watu wa jembe. Sehemu kubwa ya nyumba hizi ni za karne ya 18 na 19.

Lakini historia ya kijiji ni ya machungu. Mwaka 1292 Mfalme Wenceslaus II alikitoa kwa watawa wa Kisistersia wa Vyšší Brod, nao wakakimiliki hadi katikati ya karne ya 19, utawala wa mabwana juu ya wakulima ulipofutwa. Kati ya mwaka 1520 na 1525 tauni ilikifagia. Inasemekana walionusurika ni watu 2 tu. Nguzo ya mawe inaonyesha mahali marehemu walipozikwa.

Watawa wakaleta walowezi, wengi wao kutoka Bavaria na Austria. Kijiji kikawa cha wasemao Kijerumani: mwaka 1895 kilikuwa na Wajerumani 157 na Wacheki 19. Wajerumani hao ndio waliokuwa wengi kijijini nyumba tunazozistaajabia leo zilipojengwa, na kanisa dogo la Mtakatifu Yohane wa Nepomuk lilipoinuliwa kiwanjani mwaka 1755.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha, Czechoslovakia iliwafukuza takriban Wajerumani wake wote, watu wapatao milioni 3. Wa Holašovice nao waliondoka. Ukatili wa Wanazi kwa Wacheki ulikuwa mkubwa, na hasira yao ilikuwa na sababu. Hata hivyo, kumhukumu mtu kwa lugha aliyozaliwa nayo ni dhuluma, na kijiji hiki ni ushahidi wake. Chini ya ukomunisti maboma mengi yalibaki matupu, mapaa yakaporomoka. Pengine upweke huo ndio uliozinusuru kuta: pasipo na mtu wa kujenga, hakuna aliyebomoa ili ajenge kisasa.

Ukarabati ulianza mwaka 1990, baada ya utawala huo kuanguka, na watu wakarudi kuishi. Leo kila mwezi Julai hufanyika sherehe za wakulima, mafundi wakitandaza kazi za mikono yao kuzunguka bwawa.

Nyumba zile bado ni makazi ya watu, kwa hiyo ukijaliwa kufika usiingie ua ambamo hukukaribishwa. Na kabla ya kupiga picha, anzia kwenye ile nguzo ya tauni, kisha usome miaka iliyoandikwa kutani ukijua kwamba wengi wa waliorithi nyumba zile walifukuzwa kwao.