Mto Usio na Daftari

Bibi yangu hakusoma hidrolojia, lakini mto alijua kuupima. Kwetu Kahama, kiangazi kikikolea, alichimba mchangani kwa mikono. Maji yakionekana akiwa amezamisha mkono hadi kiwiko, alisema mwaka ni mzuri. Yakifika begani, alituambia: "Wajukuu zangu, mwaka huu ndoo moja moja."

Nimemkumbuka wiki hii nikisoma jinsi maji ya Ziwa Victoria yalivyopimwa. Kina cha ziwa kilianza kurekodiwa 1896, upande wa Uganda. Mito mingi inayoingia ziwani ilikaa miongo mingi bila kipimo. Sasa mtaalamu anafanyaje? Hesabu yake ni ya dukani tu: kilichoingia, toa kilichotoka, ndicho kilichobaki stoo. Mvua unaipima kwa kopo. Maji yanayopaa kama mvuke unayakadiria kwa joto, jua na upepo. Penman na Thornthwaite walichapisha kanuni zao 1948. Toa mvuke, toa yaliyobaki udongoni, na kinachosalia ndicho kinachotiririka mtoni.

Ni makadirio, na makadirio huumbuka. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda takriban mita 2.5. Ndipo 1967 mradi wa Hydromet, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulipoanza kukusanya takwimu za bonde.

Ukiniuliza namba hizi zina kazi gani, nitakurudisha 1929. Mwaka huo Misri na Uingereza zilikubaliana kwamba bila ridhaa ya Misri, hakuna kazi ya kupunguza maji ya Mto Nile itakayofanyika kwenye mito na maziwa yaliyo chini ya Waingereza. Misri ilikuwa na vipimo vya karne nyingi. Sisi hatukuwa hata na kiti mezani, achilia mbali daftari. Serikali ya Nyerere ilikataa kufungwa na mkataba huo 1962. Hata hivyo, maji ya ziwa kutoka Ihelele yalizinduliwa kwa ajili ya Shinyanga na Kahama 2009.

Leo bomba lina mita, na bili inakuja. Mto wa bibi bado hauna kipimo. Rekodi ya kiwiko na bega, ya miaka mingi, aliibeba kichwani akaenda nayo. Mimi, mwandishi wa habari, sikumuuliza hata mwaka mmoja.