Mguu wa Tende na Mnyoo wa Pate

Ewe msomaji, kama umepata kukaa katika mji wowote wa pwani yetu, huenda umekwisha kumwona mtu aketiye barazani amenyosha mguu mmoja, na mguu ule ni mnene kama gogo, ngozi yake imekakamaa na kufanya mikunjo. Tulipokuwa watoto, mtaani kwetu alikuwapo mzee wa namna hiyo. Tulimwita kwa jina la ugonjwa wake, na tuliigiza mwendo wake alipotupa kisogo. Siku moja hakutoka nje. Homa ilimshika, mguu ukawaka kama uliomwagiwa maji ya moto, na usiku kucha tulimsikia akiugua ng'ambo ya ukuta. Kabla ya usiku ule sikujua kwamba mguu ule ulikuwa ukimwuma. Nilidhani ni mzito tu.

Maradhi hayo ni matende. Matabibu wa zamani walioandika Kiarabu, akina Razi na Ibn Sina, waliyaita maradhi ya ndovu. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Unguja mwishoni mwa mwaka 1856, aliyataja katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1872. Lakini kuutaja ugonjwa si kuijua sababu yake. Wako waliosema ni urithi, wako waliosema ni husuda ya jirani, na wako waliosema ni madafu. Hao wa madafu wangalipo, maana mwanafunzi mmoja katika chuo chetu cha ualimu aliniuliza jambo hilo mbele ya darasa zima. Wenzake walicheka; mimi sikucheka. Minazi hustawi penye joto na unyevu, na mbu nao vivyo hivyo. Mtu aonaye vitu viwili pamoja kila siku hudhani upesi kwamba kimoja kimemzaa mwenziwe.

Tazama pia neno letu mshipa. Kwa neno hilo twaita njia ya damu, na kwa neno hilo hilo wazee wa pwani waliita uvimbe uwapatao wanaume katika mifuko ya uzazi, ambao mara nyingi ni ndugu wa matende. Wazee hawakuwa na hadubini, lakini walihisi kwamba jambo lenyewe ni la njia zilizomo mwilini, na katika hilo hawakukosea.

Mwaka 1628 William Harvey alionyesha kwamba damu huzunguka: yatoka moyoni, yarudi moyoni. Lakini damu ipitapo katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele, maji yake kidogo huvuja na kuinywesha nyama. Maji hayo yarudi wapi? Katika miaka ya 1650 Rudbeck wa Sweden na Bartholin wa Denmark walieleza njia za tatu, ambazo si za kwenda wala si za kurudi kwa damu, bali ni mifereji myembamba iyakusanyayo maji hayo na kuyarudisha. Hiyo ndiyo mishipa ya limfu. Haina moyo wa kuisukuma. Mguuni yategemea sana misuli iibanayo tutembeapo, na vilango vidogo vilivyomo ndani yake vizuiavyo maji yasirudi chini. Vilango hivyo vikiharibika, maji hutuama mguuni kama maji ya mvua katika mtaro ulioziba, na penye maji yaliyotuama wadudu wa maradhi hustawi. Kidonda kidogo cha katikati ya vidole chatosha kuwafungulia mlango. Ndipo ije ile homa, na maumivu yale ya usiku, na kila homa ikiondoka huuacha mguu mnene zaidi kuliko ilivyoukuta.

Ni nani aviharibuye vilango? Ni mnyoo, mwembamba kama uzi, akaaye ndani ya mishipa hiyo miaka mingi. Watoto wake walionekana na Otto Wucherer huko Bahia, Brazil, mwaka 1866. Mnyoo mzima alionekana na Joseph Bancroft huko Brisbane, Australia, mwaka 1876. Na kwa majina ya hao wawili mnyoo huyo aitwa hata leo Wuchereria bancrofti. Mwaka 1877 Patrick Manson, tabibu Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Amoy, Uchina, aliwapasua mbu walioshiba damu ya mgonjwa, akawaona minyoo wachanga wakikua ndani yao. Aligundua pia kwamba minyoo hao huzidi katika damu ya ngozini wakati wa usiku, saa za mbu kuuma, na mchana hujificha ndani ya mwili. Ndiyo maana wapimaji wa damu wamezoea kupiga hodi watu walalapo.

Hata hivyo Manson alikosea jambo moja. Alidhani mbu huuma mara moja tu, kisha hufa majini, na kwamba mtu hupata mnyoo kwa kunywa maji yale. Kosa hilo lilidumu zaidi ya miaka ishirini, mpaka mwaka 1900, George Low alipowakata vipande vyembamba mbu waliopelekwa London kutoka Australia, akamwona mnyoo amelala ndani ya mdomo wa mbu, tayari kutoka.

Sasa turudi kwetu. Kisiwa cha Pate, chenye miji ya Pate, Siyu na Faza, wengi hukijua kwa masultani wake na washairi wake. Wachache wajua kwamba jina lake limo pia katika vitabu vya elimu ya minyoo. Mwaka 1956 ilijulikana kwamba huko Malaya mnyoo mmoja wa matende hukaa katika watu na katika wanyama pia. Hilo lilikuwa jambo zito: kama mnyoo ana makazi ndani ya paka, basi hata ukiwatibu watu wote wa kisiwa, atarudi. Mwaka 1958 Buckley, Nelson na Heisch walitangaza kwamba wamepata mnyoo mpya katika paka, mbwa na kanu wa Pate, wakampa jina la kisiwa. Leo aitwa Brugia patei. Mwaka uliofuata Heisch, Nelson na Furlong walitoa habari za uchunguzi wao juu ya watu wa Pate. Mnyoo wa watu alikuwa ni yule yule wa Bancroft, si yule wa paka. Paka wa Pate hawakuwa na hatia, na kazi ya kuwatibu watu haikuwa bure.

Wajenzi wa nyumba za kale za Lamu waliweka samaki wadogo katika birika ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika walitia bakuli la Kichina ili samaki wapate pa kukaa maji yakipungua. Hawakumjua Manson. Lakini samaki hakai katika shimo la choo, na mbu mmoja mwenye kueneza matende hupenda sana maji machafu ya mashimo hayo.

Dawa ya kuwaua minyoo wachanga, iitwayo kwa kifupi DEC, ilijulikana mwaka 1947. Kenya ilianza kuigawa pamoja na albendazoli kwa watu wote wa wilaya ya Kilifi mwaka 2002. Mwaka 2018 Lamu ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza Afrika kupewa dawa tatu kwa pamoja, ivermektini ikiwa ya tatu.

Dawa hizo zamzuia mnyoo asipite kwa mbu kwenda kwa mtoto wa jirani. Mguu uliokwisha kuvimba hazifanyi mwembamba. Mwenye mguu huo atakiwa kuuosha kila siku kwa sabuni na maji safi, kuukausha vema katikati ya vidole, kuuinua alalapo, na kutembea kadiri awezavyo ili misuli isukume. Afanyapo hivyo homa zile hupungua sana, na maumivu pia. Basi fikiri, msomaji, juu ya mtu wa kisiwani ambaye maji yake ni ya mvua, yaliyokusanywa katika jabia, na kiangazi kimefika. Ana ndoo moja, na nyumba nzima yaisubiri.